Matope ya Ruvuma yana wenyewe

Mwandishi mmoja kaandika kwamba pale mto Ruvuma unapoingia baharini ni "matope na mbu tu". Mbu wapo, sibishi. Ila aje siku ya bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakishakupwa, awaone kinamama wakitanda uduvi, yaani wakivua vile vikamba vidogo. Unazama hadi magotini, na kwenye mizizi ya mikoko vifaranga vya samaki vinakugonga miguuni. Mto unaleta rutuba, mizizi inawaficha wadogo wasiliwe, wakikua wengine wanatoka kwenda matumbaweni. Hao hao tunawanunua Mtwara mjini kwa bei ya kuumiza! Eneo hilo ni hifadhi ya bahari tangu 2000, lakini mikoko bado inakatwa kwa nguzo na kuni. Hilo ndilo angeliandika.