Difu ya mtumba: osha, badilisha sili, mkao wa meno uache

Difu iliyotumika, yaani kile kisanduku cha gia kinachogawa nguvu ya injini kwa magurudumu, ikiwekwa mezani, mafundi hugawanyika papo hapo. Kuna wa "ipachike tu twende", anayeamini kwamba kama ilikuwa inatembea kwenye gari ilikotoka, itatembea na hapa. Na kuna wa "tuifumue yote", asiyepata usingizi mpaka krauni (gia kubwa ya duara) iko upande huu, pinioni (gia ndogo inayoizungusha) upande ule, na kila beringi imeng'olewa. Mimi simo kwenye kambi yoyote kati ya hizo. Msimamo wangu ni huu: chochote unachoweza kukifikia bila kugusa mkao wa meno, yaani jinsi krauni na pinioni zinavyokutana, kikague, kisafishe au kibadilishe. Mkao wenyewe, kama difu haina kosa, usiuguse kabisa. Wengine huuita uvivu. Ngoja nieleze kwa nini sio.

Pinioni kwenye difu nyingi za nyuma haikai katikati ya krauni. Imeshushwa chini kidogo. Packard walianza kutumia mpangilio huo mwaka 1926, na faida yake ilikuwa kwamba propela (shafti inayoleta nguvu kutoka giaboksi) inashuka na sakafu ya gari inashuka nayo. Gharama yake ni kwamba meno hayabingiriki tu, yanasuguana pia yakiteleza kwa urefu wake. Kwa hiyo krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani zikiwa jozi, na baada ya maelfu ya kilomita zinakuwa zimezoeana katika mkao mmoja tu. Nafasi kati ya jino na jino mara nyingi ni kati ya milimita 0.10 na 0.20. Shimu, vile vipande vyembamba vya chuma vya kujazia nafasi, ndizo zinazoishika. Ukiisogeza pinioni kwa upana usioonekana hata kwa macho, alama ya mgusano inahama kutoka katikati ya jino na kwenda ukingoni au kwenye shina, na difu iliyokuwa kimya inaanza kuimba. Asiye na saa ya kupimia (geji ya mshale ya kusomea nafasi ndogo), rangi ya kupaka kwenye meno, na subira ya kufunga na kufungua mara kadhaa, akifungua difu iliyokuwa kimya anajitafutia mlio kwa mikono yake mwenyewe.

Hayo ni ya wafumuaji. Wapachikaji nao wana dhambi kubwa zaidi, maana wao hawakagui. Wanauziwa mbuzi kwenye gunia na kumfunga chini ya gari akiwa bado ndani ya gunia.

Cha kwanza ni resho, yaani pinioni inazunguka mara ngapi krauni ikizunguka mara moja. Gari la aina ileile, la mwaka uleule, linaweza kuja na resho mbili au tatu kutegemea injini na giaboksi. Krauni yenye meno 41 na pinioni yenye meno 10 ni 4.1, krauni ya 43 kwa pinioni ya 11 ni karibu 3.9. Kwa nje difu hizo ni mapacha. Kibandiko kikiwa kimefutika, piga mstari wa chaki kwenye flanji ya pinioni (sahani inayofungwa kwenye propela), mwingine kwenye upande mmoja wa kutokea ekseli, shikilia upande wa pili usizunguke, kisha zungusha ule wenye chaki mizunguko miwili kamili huku ukihesabu flanji imezunguka mara ngapi. Ni miwili kwa sababu kwenye difu ya kawaida, upande mmoja ukisimama, wa pili huenda kasi maradufu ya krauni. Flanji ikizunguka mara nne na kidogo, unajua uko wapi. Kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne hili si jambo la kubahatisha. Resho ya nyuma isipolingana na mahesabu ya mbele, difu mbili zinashindana, na anayeumia ni kile kigiaboksi cha kati kinachogawa nguvu.

Halafu oili. Fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Hii husemwa kila mahali na bado watu humwaga kwanza, kisha wanakuta ya kujazia imeshika kutu na haitoki, na sasa wana difu kavu wasiyoweza kuijaza. Ikitoka ya kumwagia, itazame sumaku yake, kama inayo. Ujiujiu wa kijivu, laini ukiusugua kwa vidole, ni uchakavu wa kawaida. Punje unazozihisi, vipande vyenye ncha, au magamba yanayong'aa ni habari nyingine. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na beringi zilizokaa na maji huwa zimeshapata vidoti vya kutu hata kama bado hazijaanza kulia.

Mfuniko wa nyuma, kwa difu zenye mfuniko, ufungue bila woga. Haugusi mkao wowote. Tazama meno kwa tochi: kung'aa ni sawa, lakini vishimo, ncha zilizomeguka, au rangi ya bluu iliyotokana na joto si sawa. Shika flanji ya pinioni uitikise juu chini na uivute mbele nyuma. Kuzunguka kidogo kabla meno hayajagusana ni kawaida. Kucheza juu chini, hapana. Kisha izungushe polepole ukiwa umefumba macho, maana mkono husikia zaidi jicho lisipoingilia. Ukihisi mchanga, au sehemu inayokwama kisha inaachia, beringi imekwisha.

Hapo wafumuaji wana haki, difu hiyo lazima ifunguliwe. Ushauri wangu lakini ni kutafuta nyingine. Difu yenye beringi mbovu imekuwa ikizungusha unga wa chuma ndani yake kwa muda usioujua, na meno yake yameunywa unga huo.

Nikiri chuki yangu moja ndogo: difu ya mtumba iliyopakwa rangi nyeusi mpya hunitia shaka kuliko yenye matope. Matope yana ukweli. Yanaonyesha oili ilivujia wapi. Rangi ipake wewe mwenyewe ukishamaliza kukagua, na uzibe tundu la kupumulia na nyuso zote za kukutania kabla hujaanza kupuliza.

Na tuliseme hilo tundu la kupumulia, kwa sababu ndilo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Difu ikipata moto, hewa ndani yake inatanuka. Tundu likiwa limezibwa na matope, shinikizo linatafuta njia, na njia iliyo rahisi ni midomo ya sili, zile pete za raba zinazozuia oili isivuje. Mtu anabadilisha sili mara tatu, anailaumu sili, anamlaumu muuza spea, na kosa liko kwenye kitundu kidogo ambacho kingezibuka kwa waya na pumzi ya kompresa.

Sili za pembeni badilisha zote mbili bila mjadala. Difu ikiwa mezani ni kazi nyepesi. Ikiwa chini ya gari ni kazi ya kulala chali oili ikikudondokea usoni. Paka grisi kwenye mdomo wa sili, igonge kwa kitu bapa ili iingie sawasawa pande zote, na kabla ya hapo pitisha ukucha pale inapokaa kwenye shafti. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja kama ya zamani. Unaweza kuiketisha ndani zaidi kidogo kama nyumba yake inaruhusu, ipate mahali pasipolika, au uivike shafti bomba jembamba la chuma.

Sili ya pinioni ndiyo yenye mtego. Ili kuifikia lazima ulegeze nati ya pinioni, na nati hiyo haishiki flanji tu. Kwenye difu nyingi, nyuma ya flanji kuna bushi nyembamba iliyobonyezwa kwa makusudi, na kiasi cha kubonyea kwake ndicho kinachozipa beringi za pinioni mkazo wake. Kabla ya kulegeza, piga nukta kwenye nati, kwenye shafti na kwenye flanji, uhesabu nyuzi za skrubu zilizojitokeza, kisha pima nguvu ya kuzungusha. Asiye na spana ndogo ya kupimia mkazo azungushe uzi kwenye flanji na kuuvuta kwa mizani ya kuning'iniza, asome namba flanji ikiwa inazunguka, si inapoanza kuondoka. Wakati wa kurudisha, kaza mpaka nukta zikutane, pima, na uongeze kidogokidogo hadi ufikie namba uliyoanza nayo au uizidi kwa uchache. Bunduki ya upepo ikae mbali. Ukipitiliza, kulegeza hakurudishi kitu, kwa sababu bushi ikishabonyea haivimbi tena. Itabidi pinioni itoke na bushi mpya iingie, yaani umeifanya kazi ileile uliyokuwa unaikwepa. Difu nyingine hazina bushi ya kubonyea; zina bushi ngumu isiyobonyea, yenye shimu, na nati inakazwa kwa kipimo cha kitabu. Jua yako ni ipi kabla hujashika spana.

Kwa hiyo sili ya pinioni ikiwa kavu kabisa, na vumbi lililo chini ya flanji halina unyevu, mimi naiacha. Najua wengi watapinga.

Bushi za raba zinazobeba difu zikaguliwe sasa hivi. Raba iliyochanika hutoa ule mlio wa "gop" ukitia gia, na mara nyingi difu isiyo na kosa hulaumiwa kwa ajili yake. Kufunga kwenyewe sina mengi ya kusema: stendi imara, jeki ya kubebea, alama kati ya propela na flanji kabla ya kuitoa, propela ifungwe kwa waya isining'inie, na waya za sensa zisisahaulike.

Oili iwe ya daraja la GL-5, kwa unene uliotajwa kwenye kitabu, 75W-90 au 80W-90 kwa magari mengi. Ule utelezi wa meno niliousema juu unahitaji viungo vya kuhimili shinikizo kali, na oili hafifu haina. Kama difu ina klachi ndani za kuzuia gurudumu moja lisizunguke bure, inahitaji pia kiongezi chake, la sivyo italalamika kila ukikata kona. Gari likiwa sawasawa kwenye ardhi tambarare, jaza mpaka ianze kumwagika kwenye tundu la kujazia. Imwage baada ya kilomita mia chache, uitazame sumaku tena.

Ukilipeleka barabarani, sikiliza mlio unabadilika na nini. Unaokuja ukikanyaga mafuta na kupotea ukiachia, au kinyume chake, ni wa meno. Unaovuma muda wote na kupanda na mwendo huenda ni beringi. Unaobadilika ukipinda kushoto au kulia, angalia beringi za magurudumu kwanza kabla hujaivua difu ya watu. Na ile difu ya zamani usiitupe bado. Flanji yake, mfuniko na bolti zake bado vina kazi.