Tuonyesheni Darasa la Kwanza Lina Watoto Wangapi

Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza ukishafunguliwa mwezi Oktoba, wazazi wa Tabora tunaulizana jambo moja: shule nzuri ya serikali ni ipi? Utalisikia swali hilo saluni Isevya, kijiweni kwa bodaboda Ipuli, hata nje ya msikiti watu wakivaa viatu. Majibu yapo tele. Huyu anakwambia peleka ile ya katikati ya mji, inafaulisha. Yule anasema usithubutu, watoto wamejaa mpaka wengine wanakaa chini. Wa tatu kasikia mwalimu mkuu aliyekuwa mkali kahamishwa, kwa hiyo shule imekufa. Yote ya kusikia. Hakuna mwenye karatasi ya kukupa ukasoma mwenyewe ukaamua.

Uhaba wa shule nzuri tunaujua na tumeuzoea. Kinachonikera mimi ni kwamba Manispaa inazijua shule zake kwa namba, moja baada ya nyingine, halafu sisi tunaopeleka watoto tumeachiwa uvumi.

Na huu ni mji wa shule jamani. Tabora Boys ilifunguliwa 1922. Mwalimu Nyerere alisoma pale kuanzia 1937 hadi 1942, akatoka Makerere akarudi hapahapa kufundisha St. Mary's. Tunajivunia, na tuna haki. Lakini Tabora Boys na Tabora Girls ni sekondari za vipaji maalumu, zinachukua waliofaulu vizuri kutoka kila kona ya nchi. Mtoto wa miaka sita wa kata ya Ng'ambo hapa mjini haendi huko. Anakwenda shule ya msingi ambayo miguu yake inaweza kufika, na kuhusu hiyo mzazi wake haambiwi kitu.

Kinachotangazwa ni matokeo ya darasa la saba. Unafungua tovuti ya Baraza la Mitihani kwenye simu, unachagua mkoa, halmashauri, kisha shule, unaona nani kapata A na nani kapata D. Zamani tulikuwa tunapewa mpaka shule kumi bora kitaifa. Mwanzoni mwa 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne, Baraza likasema halitataja tena shule bora wala wanafunzi bora. Niliunga mkono na bado naunga mkono, kwa sababu kuzipanga kwa nafasi shule zisizo na mazingira sawa kulikuwa kunawatangazia biashara wenye shule binafsi. Ila baada ya kuondoa kile, mzazi wa shule ya msingi ya serikali hakupewa kingine.

Matokeo ya darasa la saba yenyewe hayamsaidii sana mtu mwenye mtoto wa kuanza la kwanza. Aliyemaliza mwaka huu alianza miaka saba iliyopita, na tangu hapo walimu wamehama na wengine wamestaafu. Walioshindwa upimaji wa darasa la nne walirudia. Walioacha shule njiani hawamo kwenye orodha kabisa. Halafu mara nyingi walimu hodari hupangwa darasa la saba, pamoja na kambi na mitihani ya majaribio isiyokwisha, kwa kuwa huko ndiko Afisa Elimu atakakouliza. Darasa la kwanza linampata anayebaki.

Mwaka jana nilisimama kwenye dirisha la darasa la kwanza la shule moja hapa mjini, siitaji. Madawati yalikuwa yamebanana mpaka ukutani, hakuna njia ya kupita mtu mzima. Safu ya mbele walikaa sakafuni, daftari juu ya mapaja, shingo zimeinuliwa kutazama ubao. Mwalimu, mama wa makamo, alikuwa amekumbatia rundo la madaftari kwa mkono mmoja, kalamu nyekundu mkono mwingine, anasahihisha huku amesimama. Nyuma kabisa kulikuwa na kijana mdogo ambaye ubao hauoni. Alikuwa ananakili "ba be bi bo bu" kutoka daftari la mwenzake, na herufi b zote kazigeuza zikawa d. Mwenzake naye alikuwa kazigeuza. Kengele ikalia mwalimu hajafika kwao.

Simlaumu yule mwalimu hata kidogo. Piga hesabu mwenyewe: kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Daftari moja ukilipa nusu dakika tu, watoto 45, ambacho ndicho kiwango cha serikali kwa mwalimu mmoja, wanamaliza dakika 22 na nusu. Watoto 120 wanakula saa nzima, na hapo hajafundisha hata silabi moja. Kwa hiyo ama asahihishe ama afundishe. Mtoto anayegeuza b atakwenda nayo la pili, atakwenda nayo la tatu, na siku moja mtu atasema mtoto huyu ni mzito wa kuelewa.

Mama yangu mdogo alifundisha darasa la kwanza mpaka alipostaafu. Kila mwaka majirani humfuata na swali lilelile la shule nzuri, naye huwajibu hivi: "Mwanangu, la saba achana nalo. Uliza la kwanza anafundisha nani, na ana watoto wangapi. Asiyejua kusoma akifika la tatu, huyo ameshaachwa."

Basi nikaenda kuuliza. Nikamsalimia mwalimu mkuu wa shule niliyokuwa naifikiria. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, karibu. Umekuja kuandikisha? Mtaa gani?" Nikamtajia mtaa, nikamwomba kwa adabu aniambie kila mkondo wa la kwanza una watoto wangapi na walimu wake wangapi. Akanitazama, akasema takwimu za shule zinatolewa kwa kibali. Hakuwa na ubaya, aliniagiza hata maji ya kunywa. Lakini nilitoka pale bila kujua kitu ambacho mtoto wangu angekijua siku ya kwanza akiingia darasani.

Ukikosea kuchagua, kurekebisha ni kazi. Uhamisho una barua zake, una namba ya PReM, yaani namba ya usajili ya mtoto, una sahihi za shule anayotoka na anayokwenda, na ile anayokwenda lazima ikubali kwamba ina nafasi. Shule zinazosifiwa hazina nafasi. Mzazi asiye na muda wala wa kumshika mkono ofisini anakata tamaa. Wengine hulazimisha mjini tangu mwanzo, wakampa bodaboda watoto watatu mshikaki kila asubuhi kutoka pembezoni, wanavuka mitaa na magari yote yale ili wakasome kwenye darasa lililojaa kuliko lile waliloliacha karibu na nyumbani.

Hili la mwisho linaniuma sana. Tangu 2023 fedha za BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, zimejenga shule mpya za msingi sehemu nyingi za nchi, madarasa mapya, vyoo vipya. Jirani yangu alikuwa na shule mpya ambayo mtoto angekwenda na kurudi kwa miguu bila kuvuka barabara kuu. Akaikataa. Sababu yake: "Haina matokeo bado." Ni kweli, shule isiyofikisha darasa la saba haiwezi kuwa na matokeo ya darasa la saba. Lakini kama mlangoni pangebandikwa karatasi inayosema la kwanza lina watoto 50 na walimu wawili, angeshawishika. Ni mama mwerevu, anauza mchele sokoni na anapiga hesabu kichwani kuliko mimi. Hakupewa namba ya kupigia hesabu.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Mpango wa sasa wa elimu bila ada ulianza Januari 2016 na umeingiza darasani watoto wengi ambao wangebaki nyumbani, hilo ni jema kubwa. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na kinachokwenda shuleni moja kwa moja ni 6,000, nyingine ni ya vitabu. Shule ya watoto 800 inapata milioni 4.8 kwa mwaka, yaani laki nne kwa mwezi, kwa chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na mengineyo. Ndiyo maana michango ya uji, mlinzi na rimu haiishi. Mzazi anayechagua shule anastahili kuijua michango hiyo kabla ya kuandikisha. Kuisikia Januari, mtoto akiwa tayari kavaa sare, ni kuchelewa.

Ninachokiomba hakihitaji bajeti. Kila mwaka walimu wakuu wanajaza takwimu za shule zao na kuzipeleka juu, Manispaa na TAMISEMI wanazo. Mapato na matumizi tayari hutakiwa kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Pembeni yake ibandikwe karatasi nyingine moja, na nakala kwenye ofisi ya mtaa: watoto wangapi katika kila mkondo wa la kwanza na la pili, walimu wangapi wanaofundisha madarasa hayo, matundu ya vyoo mangapi kwa wasichana na kwa wavulana, na katika upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) darasa la pili ni wangapi walioweza kusoma. Ibandikwe Septemba, kabla ya uandikishaji.

Rafiki yangu mmoja mtumishi wa umma aliniambia tukitangaza hivyo, wazazi wote watakimbilia shule moja. Ndugu yangu, si wameshakimbilia? Wamekimbilia kwa uvumi, na shule waliyoikimbilia ndiyo yenye watoto sakafuni. Namba zingewarudisha wengine karibu na nyumbani. Zingeonyesha pia wapi walimu wamerundikana na wapi mmoja anafundisha peke yake mikondo miwili, jambo ambalo wenyewe wenye shule za pembezoni wamelilalamikia siku nyingi bila kushikilia ushahidi mkononi. Na walimu wasihofu kuaibishwa. Watoto 120 katika chumba kimoja si aibu ya aliyeshika chaki. Ni swali kwa aliyempanga.

Mji huu unakua. Sensa ya 2012 ilitukuta laki mbili na ushee, ya 2022 ikatukuta zaidi ya laki tatu, na mitaa mipya inajengwa kila upande. Wanaohamia hawana shangazi wa kumuuliza wala mama mdogo mwalimu mstaafu.

Mkutano wa kwanza wa wazazi mwakani nitanyoosha mkono kwa hili, na ningependa wenzangu wa Cheyo, Mbugani, Malolo na Kitete wanyooshe kwenye mikutano yao: la kwanza mna watoto wangapi, na walimu wao wangapi? Mwalimu mkuu akisema hana kibali, tuombe swali liandikwe kwenye muhtasari, kamati ya shule isaini, nakala iende kwa Afisa Elimu Msingi wa Manispaa na nyingine kwa diwani wa kata.