Eti Ufinyanzi Unatuliza Akili

Nani aliwaambia watu wa Nairobi kwamba ufinyanzi unatuliza akili? Ningependa kumwona huyo mtu. Nimkaribishe kwangu Kahawa West, nimkalishe kwenye kistuli kando ya gurudumu la kufinyangia, nimwekee bonge la udongo mbele yake, halafu tuone hiyo akili itatulia saa ngapi.

Tatizo ni hizi video za kwenye simu. Mikono inateleza, chungu kinapanda taratibu, piano inalia kwa mbali. Mgongo hauonyeshwi. Wala hauonyeshwi ule mkando wa kabla, unaposukuma udongo mezani mpaka mabega yanaomba talaka, maana kiputo kimoja cha hewa kikisalia humo ndani, ukuta wa chungu utaanza kuyumba ukiwa umeshaunyanyua vizuri na umeanza kujisifu.

Na udongo bila maji ni vumbi. Sasa maji, hapa kwetu! Mengi ya jiji hili yanatoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, na safari yote hiyo yakishafika Nairobi nadhani huwa yanapotezwa na foleni. Ploti yetu ina siku zake za maji, na siku hizo nazo zina hiari yake. Yakikosa, namwita kijana wa mkokoteni. Ananishushia mitungi, anafuta jasho, ananiangalia nilivyopakaa matope hadi kwenye nyusi, anauliza, "Na maji yote haya, mzee, mbona huogi?"

Keateka ndiye kiboko. Huyu ameamini kwamba kila bomba linaloziba kuanzia ghorofa ya chini hadi ya nne, nimeliziba mimi. Nimemweleza mara nyingi kwamba hakuna mfinyanzi mwenye akili anayemwaga udongo kwenye sinki. Nina ndoo zangu zimepangwa. Ya kwanza nasafishia mikono na vifaa, ya pili nasuuzia. Usiku udongo unatuama chini, asubuhi nateka maji ya juu nayatumia tena, na lile tope la chini nalianika likaze, nalikanda upya. Kwangu hakipotei hata kijiko. Juzi choo cha ghorofa ya pili kikaziba, fundi akaja na waya wake, akatoa nepi, mswaki, na nusu ya soksi. Keateka akaviangalia vitu vyote hivyo, akanigeukia mimi. "Na udongo je?"

Nyumbani kwenyewe sina kauli. Ikifika Julai, na kale kabaridi ka Nairobi, vyombo vinagoma kukauka. Viko juu ya friji, viko chini ya kitanda, viko kwenye kabati la mtoto. Mke wangu akitafuta viatu anakuta mabakuli. Vikombe vizuri vinauzwa. Vilivyopinda, vilivyopasuka kitako na vilivyokatika mkono ndivyo tunavyonywea sisi. Wahenga waliosema mfinyanzi hulia gaeni nadhani walipita kwetu saa ya chai.

Lakini hayo yote ni utangulizi. Kesi yenyewe ni joko, lile tanuri la kuchomea vyombo.

Joko langu la umeme ni dogo, linabeba vikombe na visahani vichache, ila likiwashwa linakula stima kama shawa ya moto iliyosahauliwa wazi kutoka asubuhi hadi jioni. Ukisikia mita inavyohesabu tokeni, utafunga na kuomba. Na huwezi kuliharakisha. Mwanzo unapandisha moto polepole, chombo kimalize kutoa unyevu, kwa sababu maji yakichemkia ndani ya ukuta wa kikombe mvuke unakilipua. Tena Nairobi tuko juu sana, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayangoji 100 kama ya vitabuni. Ukivuka hapo, kwenye nyuzi 573 kwarizi, yale madini yaliyo kwenye udongo, inabadilika na kutanuka ghafla. Usipokuwa mpole unapata ufa. Mchomo wa kwanza unafika kama nyuzi 1,000. Kisha unapaka glezi, ule unga unaoyeyuka motoni na kukipa chombo ngozi ya kioo, na unarudia kuchoma upya, juu zaidi. Halafu unasubiri lipoe, na kupoa kwake hakuhongeki.

Sasa, katika masaa yote hayo, unaitegemea stima ya Nairobi. Mnakumbuka ile Ijumaa, Agosti 25, 2023, usiku karibu nchi nzima ilipozama gizani, hadi uwanja wa ndege wa JKIA? Watu walilalamika kuhusu abiria waliokwama. Mimi nilikuwa nimekaa gizani na tochi ya simu mbele ya joko lililojaa glezi, namba zimezimika, nasikia tu vyuma vikilia tik, tik, vinapoa. Glezi ilitoka nusu imeyeyuka, nusu bado unga, inakwaruza mdomo. Waziri aliwaomba radhi abiria. Vikombe vyangu mpaka leo havijaombwa radhi na mtu.

Basi ukipona maji, ukipona stima, unakutana na mteja.

"Hii kikombe ni ngapi?"

"Elfu moja na mia mbili."

"Dazeni?"

"Kimoja."

Anakirudisha mezani kwa mikono miwili, pole pole, kama... hapana, tuseme tu anakirudisha. "Lakini si ni matope? Gikomba napata seti nzima na sahani zake." Nenda Gikomba basi, ndugu yangu, mbona unanisumbua! Lakini sisemi hivyo. Nasema, "Wewe uko na ngapi?"

Kuna mwingine alikuja nyumbani akaona kikombe chake kikiwa bado kibichi, akakipenda, akalipa deposit kwa M-Pesa. Aliporudi kukichukua akakigeuza geuza. "Mbona kimekuwa kidogo?" Nikamwambia udongo hunywea, ukikauka na kuchomwa unapungua asilimia 10 au zaidi. Akatikisa kichwa kwa uchungu. "Hata wewe umeanza mambo ya wenye mkate."

Shangazi yangu naye alikuja kutoka Kakamega. Nikamwonyesha kazi, nikamwambia kuhusu Magdalene Odundo, aliyezaliwa hapa hapa Nairobi mwaka 1950, vyungu vyake viko British Museum, na mwaka 2020 Waingereza wakampa cheo cha Dame. Na wala hatumii gurudumu, anajenga kwa mkono na kusugua mpaka chungu kinang'aa. Shangazi akasikiliza vizuri, akamaliza chai yake kwenye kikombe kisicho na mkono.

"Mwanangu, pale Ilesi vyungu vimejaa kando ya barabara. Wamama wanafinyanga, wanachoma kwa kuni na nyasi, wanauza. Sasa tulikusomesha Nairobi uje ufanye kazi ya Ilesi, lakini na bili ya stima?"

Sikuwa na jibu. Bado natafuta.

Jumamosi iliyopita hata sikuwa nimesahau hayo, jirani wa mlango wa pili akabisha. Amekumbatia sufuria imefunikwa kitambaa. Kumbe ni unga wa keki, mtoto wake anatimiza miaka sita, gesi imeisha, na amesikia tuna "oven kubwa".

Nikamwambia, mama, hilo ni joko la vyungu, na saa hii limefika nyuzi 1,000.

Akafikiri kidogo, akachungulia nyuma yangu. "Sawa, baba. Basi niiweke dakika mbili tu."