Msiniambie nimeua Pijo ya baba

Jumapili iliyopita nilisimama sheli pale Usa River kujaza mafuta, mama yuko kiti cha mbele. Akaja mzee mmoja mtu wa heshima zake, nikamwamkia shikamoo akaitikia vizuri, akaizunguka gari mara mbili huku anaigusagusa kwa upendo kabisa, akaniomba nifungue boneti. Nikafungua. Akatazama kama dakika nzima hivi halafu akasema, mama anasikia, "Kijana, umeua gari ya baba yako." Akaenda zake, hata nafasi ya kumjibu hakunipa.

Hilo neno nimekaa nalo wiki nzima na limegoma kutoka, basi namjibu hapa.

Gari yenyewe ni Peugeot 404 ya 1965, baba aliinunua mkononi mwa mtu 1974 alipokuwa bwana shamba upande wa Rombo. Kwa nje ni ileile, rangi ya maziwa, mapezi ya nyuma, grili yake, sijagusa mstari hata mmoja wa lile umbo walilochora Pininfarina, wale Waitaliano wachoraji wa magari. Ila ndani kuna injini ya Toyota Altezza, ile wanayoiita 3S, ya cc 1998, gia otomatiki, stelingi ya pawa, AC inayopuliza kwelikweli, na breki za diski magurudumu yote manne. Marekani gari za namna hii wanaziita striti rodi, sura ya zamani, raha ya sasa.

Nianze na breki kwa sababu kusema ukweli bila breki nisingeanza kazi hii kabisa.

1988 nilikuwa darasa la tatu. Tunashuka kutoka Marangu Mtoni kwenda Himo, gari imejaa, baba, mama, shangazi na sisi watoto watatu, buti limejaa ndizi. Zile 404 za miaka hiyo zina breki za dramu mbele na nyuma, yaani shuu zinazosukumwa kubana ngoma ya chuma kwa ndani, na dramu kwenye mteremko mrefu inapata moto, ikipata moto inatanuka, ikitanuka breki shuu hazishiki tena sawasawa, unakanyaga pedali mpaka inagusa bati na gari haina habari na wewe. Nakumbuka harufu. Nakumbuka baba anashusha gia kwa ule mkono wa kwenye usukani, tatu, mbili, injini inalia kama ng'ombe, hasemi neno, mwisho akaichomeka kwenye tuta la mgomba wa watu. Shangazi alivunjika mkono. Sisi wengine tulitoka na vumbi tu.

Tangu siku ile mama hakuteremka tena mlima na ile gari. Kupanda alikuwa anapanda nayo, kushuka anachukua Hiace, baba anatangulia na Pijo anamsubiri Himo stendi. Wamefanya hivyo miaka kumi na nane, mpaka baba alipofariki 2006. Mtu na mume wake wanaachana barabarani kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya dramu! Halafu leo mtu ananiambia diski, ambazo hazichoki kwa moto kirahisi hivyo, ndizo zimeiua.

Na wanaosema "asili, asili" wajue hao Wamarekani walikoanzia. Gari wanayoiheshimu kuliko zote kwenye mambo haya ni Ford ya 1932, ile ya V8, na ilitoka kiwandani na breki za kuvutwa kwa vyuma, kampuni haikuweka breki za mafuta mpaka 1939. Vijana wakafanya nini? Wakachukua breki za 1939 wakazifunga kwenye gari za 1932. Leo gari iliyojengwa vile ndiyo inaitwa ya kimila, wazee wao wanaivulia kofia. Yaani kubadilisha breki ndiyo mila yenyewe.

Mafuta inakula zaidi, ndiyo. Kadi imebadilishwa namba ya injini, kila kitu halali.

Kuna kitu kimoja namkubalia yule mzee, kwa shingo upande. Mlio. Injini ya 404, cc 1618, imelazwa upande digrii 45 ili boneti likae chini, na ina mlio wake ambao ukikulia nao huwezi kuusahau, siku ya kwanza tulipowasha 3S nilitoka nje ya gereji nikakaa peke yangu kidogo. Ile injini ipo, nimeifunga turubai stoo kwa mama, haiuzwi. Na ingekuwa gari kama zile alizoshinda nazo Bert Shankland, dereva wa hapa Tanzania, Safari Rally 1966 na 1967 nisingethubutu kuigusa hata nati. Lakini zile ni gari za historia ya nchi, hii ni gari ya kumpeleka mama kanisani.

Wanaoua gari wapo na nimewaona hapahapa Chuga, Arusha. 404 haina chesisi ya kuitenganisha, bodi ndiyo chesisi, sasa mtu anaikata na gesi kwa macho, bila kupima, injini inaingia imekaa upande, milango haifungi. Au anaacha difu ya zamani, ile inayopeleka nguvu ya injini magurudumu ya nyuma, ya jino la skrubu, anaipelekea nguvu ambayo haikutengenezwa kuibeba, inasagika. Mafundi wangu wa Unga Ltd walifunga difu ya Hilux iliyofupishwa, walipima siku tatu kabla ya kuchomelea kitu, fundi bodi alikuwa ananifukuza nikimharakisha.

Pasaka tulikwenda Marangu. Wakati wa kurudi sikumuuliza mama kama anashuka na mimi au anatafuta Hiace, nilimfungulia mlango nikanyamaza. Akapanda. Pale mteremko unapoanza alishika mkono wa mlango, kona ya pili akauachia, kufika Himo alikuwa amelala, AC inampuliza kitenge.

Natafuta taa ya nyuma ya kushoto ya 404, orijino, isiwe ya kutengenezewa. Mwenye nayo Moshi au Arusha aniambie, naifuata mwenyewe.