Hakuna Nusu ya Maiti

Jana nimesoma habari iliyonikera mpaka sasa sijatulia. Wilaya moja ya vijijini, ndogo, imeandikwa kwamba kiwango chake cha mauaji kimeuzidi wastani wa taifa mara kadhaa. Nikaisoma mpaka mstari wa mwisho nikitafuta jambo moja tu: ni watu wangapi waliouawa? Haikuandikwa.

Hebu tupige hesabu. Kiwango cha mauaji hupimwa kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Mwaka 2021, kwa takwimu za Umoja wa Mataifa, wastani wa dunia ulikuwa 5.8. Sasa chukua wilaya yenye watu 10,000. Mwaka ukipita bila mtu kuuawa, kiwango ni 0. Akiuawa mmoja, kiwango kinaruka hadi 10. Wilaya hiyo haiwezi kuupata huo wastani hata ikitaka, maana hakuna nusu ya maiti. Ndugu wawili wakigombania mpaka wa shamba, mmoja akampiga mwenzake jembe la kichwa, basi wilaya nzima imeshakuwa ya kutisha. Mwaka unaofuata hauawi mtu, inasifiwa kwa amani. Kilichobadilika ni nini? Askari ni wale wale, njia ni zile zile, majirani ni wale wale.

Huko Marekani wataalamu wa takwimu walikwisha kuliona jambo hili kwenye saratani ya figo. Kaunti zenye viwango vya chini kabisa zilikuwa za vijijini, zenye watu wachache. Zenye viwango vya juu kabisa? Za vijijini pia, zenye watu wachache. Uchache wa watu ndio unaoyumbisha namba.

Haya, nakubali: zipo wilaya za vijijini zenye tatizo la kweli, na kulificha ni kuwasaliti wanaoumia. Lakini huwezi kulijua kwa mwaka mmoja. Jumlisha miaka kumi. Wilaya yetu ya watu 10,000 ikiwa imezika sita waliouawa katika miaka hiyo yote, kiwango chake kwa mwaka ni 6, karibu sawa tu na dunia.

Wizi nao una shida ya upande wa pili: kituo cha polisi kikiwa mbali, aliyeibiwa mbuzi haendi kuripoti, na wilaya inaonekana shwari kuliko ilivyo. Na wapita njia je? Vatikani ina wakazi wasiofika 1,000 na wageni mamilioni kwa mwaka. Ukigawanya visa vya wachomoa mifuko kwa wakazi peke yao, utapata namba ya ajabu.

Ninachodai ni kidogo. Kando ya kila kiwango iandikwe: wameuawa wangapi, kati ya watu wangapi, kwa miaka mingapi. Mstari mmoja unatosha. Katika habari niliyoisoma nafasi ilikuwepo, wakaweka picha kubwa ya utepe wa polisi.