Tangier Hupakia, Kilindini Hupakua

Ukiwa Likoni unangoja feri, huenda ukaiona meli ya magari ikiingia Kilindini, ndefu kama ghala linaloelea. Yaja kushusha. Kule Tangier, Moroko, meli za aina hiyo hwenda kupakia: Renault ilifungua kiwanda huko mwaka 2012, na magari mengi yatokayo humo huvushwa hadi Ulaya.

Kwa mfanyakazi wa Ulaya, viwanda kuhamia kwenye ujira mdogo ni msiba. Mwaka 2006 Peugeot ilisimamisha kazi Ryton, Uingereza, huku kiwanda chake kipya kikianza Trnava, Slovakia, kwenye ujira mdogo. Mtu wa miaka hamsini aliyejua kazi moja huambiwa atafute nyingine, na muuza chakula wa langoni hufunga naye. Wanaoulaumu uroho wa kampuni hawakosei sana. Lakini Mslovakia naye ana watoto wa kulisha.

Kinachonitatiza ni dhana kwamba ujira mdogo peke yake huvuta viwanda. Ingekuwa hivyo, Mombasa ingekuwa imefika mbali. Kiwanda cha AVA kimekuwa kikiunganisha magari hapa tangu miaka ya 1970, na bandari i mlangoni. Ila vipande vingi huja kwa kontena kutoka ng'ambo. Letu kubwa ni kuviunga, kupaka rangi na kukaza nati. Fedha nyingi za gari zimo kwenye vipuri, na watengeneza vipuri hufuata soko. Moroko ina Ulaya ng'ambo ya mlango wa bahari wa kilomita 14 hivi, tena kwa mkataba wa biashara huria. Sisi soko letu wenyewe tumeliachia magari yaliyokwishatumika Japani, mradi yasizidi miaka minane.

Basi tuyazuie? Wenye viwanda hupenda jibu liwe ndiyo. Lakini muulize mwenye yadi ya magari, wakala wa forodha, au fundi wa mtaa wa Magongo anayejua ugonjwa wa Toyota Probox kwa mlio tu (nao wapo!). Mwalimu anayenunua gari la kwanza hata bei ya jipya haiulizi.

Mimi ningeanzia kwenye springi, betri na bodi za mabasi, ambazo tayari zatengenezwa Kenya, nizipe nafuu ya ushuru zikue. Magari ya mitumba ningeyagusa baadaye, polepole. Kuyafungia mlango leo ni kumtoza mwalimu yule gharama za kiwanda ambacho bado kinangoja kontena.