NSE: kabla hujaiamini namba, uliza damu imetolewaje

Kuna wanaosema hospitali zetu Unguja na Pemba ziwe na kipimo cha NSE, kile cha kutafuta kwenye damu kimeng'enya cha seli za neva, na kuna wanaosema hizo mbwembwe tu, pesa hiyo bora zinunuliwe dawa za vipimo vya kila siku. Miye naona wote wana haki yao ila wote wanairuka sampo yenyewe.

NSE ni aina ya enolesi, kimeng'enya kinachosaidia seli kuvunja sukari, na hii aina imejaa khasa kwenye seli za neva na ndugu zake wachache. Seli zikifa kinavuja kinaingia kwenye damu, ndo mana kinatumika kufuatilia saratani ya mapafu ya seli ndogo, neuroblastoma ambayo ni saratani ya neva ya watoto, na pia mtu ambae moyo wake ulisimama ukarejeshwa lakini mwenyewe hajaamka. Kwa huyo wa mwisho mwongozo wa Ulaya wa 2021 unasema ikizidi mikrogramu 60 kwa lita baada ya saa 48 au 72 ni dalili mbaya, tena ikiwa pamoja na dalili nyengine, siyo peke yake. Mwongozo wa Marekani wa 2006 ulishika 33, halafu wakaonekana watu waliovuka hapo na wakaamka wazima. Sasa fikiria familia iliyoambiwa hapa hakuna tena, kwa namba ile.

Wanaokitaka hawabahatishi lakini. Mgonjwa yuko ICU, chumba cha mahututi, kalazwa kwa dawa, ukimfinya haonyeshi kitu, kumtoa na mashine zake kwenda siti skani ni hatari nyengine, damu unaichukua palepale kitandani na unarudia kesho uone inapanda au inashuka. Hilo la kurudia ndo lenye maana zaidi nnavoona, kuliko namba moja.

Tatizo ni kwamba chembe nyekundu za damu nazo zina enolesi hiyohiyo. Ukivuta sirinji kwa nguvu, ukatikisa chupa, ukaiacha mezani inasubiri mashine ya kuizungusha ili chembe zitengane na maji ya damu, chembe zinapasuka na jibu linapanda bila hata neva moja kufa! Damu inatakiwa izungushwe haraka, ndani ya saa moja hivi, sasa sampo imetoka Micheweni iende Chake, au ipande boti mpaka Unguja, joto lote hilo na mtikisiko, jibu utalisoma vipi? Na wenye siko seli, ambao hapa kwetu wapo, chembe zao zinavunjika ndani ya mwili wenyewe, hapo hata mpimaji awe makini vipi hawezi kulizuia.

Halafu watu wanachanganya, wanadhani hichi ndo kipimo cha ajali za vespa na bodaboda. Kile Marekani ilichokiruhusu 2018 kwa walioumia kichwa ni kingine, kinapima GFAP, protini ya seli zinazozitegemeza neva kwenye ubongo, pamoja na UCH-L1, ambayo nayo ni kimeng'enya cha neva, ndani ya saa 12, na kazi yake ni kusaidia kuamua kama siti skani inahitajika. Kwa mtu aliyeanguka Konde usiku hicho kingetufaa zaidi ya NSE, wallahi, ingawa kikisema ndio bado utatafuta gari ya kumpeleka kwenye skani, kwa hiyo faida yake kubwa ni pale kinaposema hapana.

Kwa hiyo NSE miye naikubali kwenye hospitali ambayo ICU na maabara ziko jengo moja, sampo zaidi ya moja, na kila jibu liandikwe chembe zilivunjika kiasi gani. Maabara za binafsi zikianza kuiuza kama chekapu ya ubongo hapo sipo kabisa, mana mtu mzima asie na dalili haimwambii kitu zaidi ya kumtia wasiwasi. Na mpimaji awe na ruhusa ya kuikataa sampo iliyoharibika hata ikiwa imeletwa na daktari mkubwa, jambo ambalo mnajua wenyewe lilivo gumu hapa kwetu.